Mpimaji wa Mfupa wa Paja

Mama mshonaji alimtazama mpimaji kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake: aliangalia mikono. Ilikuwa mizito, lakini juu ya kipanya cha kompyuta ilikwenda kama inadarizi. Kwenye picha ya eksirei ya mama, ilitia nukta katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, nyingine shingoni mwa mfupa huo, kisha ikavuta mstari hadi chini. Kila kipimo alikirudia mara tatu, na namba zikikubaliana alijipiga paja: "Ehe!"

Daktari wa upasuaji akachungulia mlangoni. "Kaka, roboti ya kukata mfupa inasubiri vipimo vya nyonga ya mama."

"Roboti hukata inapoambiwa tu, daktari. Niache kwanza."

Mara mpimaji akaitazama tena picha ya mfupa, akazitazama ndara za mama. Ya kulia ilikuwa imelika upande wa nje. "Mama, siku ya picha mguu uliulazaje?"

"Niliunyoosha, mwanangu. Mbele za watu nilale ovyo?"

Mpimaji aliruka kitini, macho yanamng'aa, akafuta nukta zote. "Basi huu si mguu unaotembea nao. Tunapiga picha upya! Hebu njoo kwenye mashine, simama kama uko jikoni kwako, hakuna anayekuona."

Moyo wa mama ukadunda kwa furaha. Maneno hayo hayo aliwaambia wateja wake miaka yote, nao walibana matumbo wapimwe wembamba, kisha magauni yakawabana arusini. Akaushika mkongojo wake, akauachia mguu ugeukie nje utakavyo.

"Ehe!" mama akawahi kusema yeye. "Sasa pima, fundi."