Aliyekuwa Anakuza Herufi Kwenye Kompyuta Yetu

Najua utacheka. Cheka sasa umalize, maana haya sikusimuliwa na mtu. Yamenipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kiseke, nikiwa na akili zangu timamu na mfuko wa nyanya mkononi.

Tuna kompyuta moja ya mezani. Iko sebuleni, ni ya nyumba nzima. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naitumia kutunga mitihani. Mume wangu anaandikia ripoti zake za kazini. Wanangu mapacha, Kulwa na Dotto, wanachezea michezo yao. Na mama yangu mzazi, aliyehamia kwetu kutoka Sengerema baba alipofariki, anasomea masomo ya misa ambayo Dotto alimwekea. Kingine chochote kwenye ile mashine mama hakijui. Anabonyeza picha ya msalaba, masomo yanafunguka, basi.

Sasa sikia tabu yangu. Kila nikirudi kazini nakuta kioo kimebadilika. Herufi zimekuwa kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara, picha zimevimba, na kitufe cha kuhifadhi kazi kimesukumwa chini, nje ya kioo, hukifikii hata ufanyeje. Mafundi wanaiita rezolusheni. Mimi niliiita balaa. Naingia kwenye mipangilio, narudisha. Kesho yake, kubwa tena. Umewahi kukaa kumalizia mtihani wa kidato cha pili ukaonyeshwa robo ya ukurasa? Unaweza kulia.

Nikawahoji mapacha. Kulwa akasema ni Dotto, Dotto akasema ni Kulwa, kama kawaida yao. Mume wangu akasema ni bahati mbaya tu, watoto wanagusa bila kujua. Mume wangu ni Mhaya, na akishatoa maelezo kwa sauti ile ya kisomi basi kesi imefungwa. Lakini bahati mbaya ya kila siku ni bahati gani hiyo? Halafu kuna jambo moja. Ukibadilisha kioo, kompyuta yenyewe inakuuliza kama unataka kubaki na mabadiliko. Usipojibu, inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo palikuwa na mtu anayeulizwa, naye anajibu ndiyo.

Mama nilimuuliza pia, kwa adabu. Akasema, "Mimi nakuta mambo mazuri tu, mwanangu." Nikaona hajaelewa swali.

Nikaamua kukomesha. Nikamwita fundi, akamtengenezea kila mtu sehemu yake ya kuingilia, akafunga mipangilio yote kwa paswedi niliyoichagua mimi. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Niamini, usiku ule nililala kwa raha. Kesho yake herufi zilikuwa zimevimba, na mapacha walikuwa wameshinda shule. Nilikaa kwenye kochi na viatu vyangu miguuni, nikakosa hata wa kumgombeza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano jioni. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikaingia. Sebule giza, isipokuwa kompyuta. Ilikuwa inawaka, na mbele yake amekaa mwanamume mwenye koti kuukuu la kijivu na suruali iliyolowa hadi magotini.

Utauliza kwa nini sikukimbia. Kwa sababu nilidhani ni mgeni wa mama. Watu wa Sengerema wanakuja bila taarifa, na mimi nimezoea. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Leo sikukosa kivuko."

Nikamwambia karibu. Halafu nikatazama kioo. Herufi zilikuwa kubwa, na katikati lile swali limesimama: unataka kubaki na mabadiliko? Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Nakwambia ukweli, woga haukunijia. Ilinijia hasira. Paswedi, fundi, watoto niliowasingizia, kumbe ni mzee fulani kutoka kijijini!

"Mzee," nikasema, "ni wewe unayenivurugia hii kompyuta?"

Akabonyeza ndiyo. Taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mtoto. "Mwache msichana asome," akasema. "Helufi ndogo hazioni."

Msichana nikajua ni Dotto wangu. Nikataka kumwambia Dotto ana macho ya mwewe, ila mgeni ni mgeni, hujampa hata maji unaanza kugombana naye? Nikaenda jikoni, nikaweka nyanya, nikachota maji kwenye kikombe. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, vilevile nilivyoufunga. Kompyuta ilikuwa imezimika. Nikagusa kiti, kimelowa.

Dakika chache baadaye umeme ukarudi, nikasikia ile mashine inaanza kuwaka, upya kabisa, kama kitu kisichokuwa na umeme tangu mchana. Wewe ungefanyaje? Mimi nilikunywa maji ya mgeni.

Mume wangu alirudi wa kwanza. Nikamsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Amesema amekuja na kivuko?"

"Ndiyo."

"Kivuko kipi, Mama Kulwa? Siku hizi pale Kigongo watu wanapita darajani."

Ndipo mama akaingia kutoka kwenye sala za jumuiya, mapacha wakimwongoza, mmoja huku na mmoja huku. Siku zote nilidhani ni kumpenda bibi yao. Nikamwuliza kama alitarajia mgeni. Akasema hapana, na nyumba aliifunga mwenyewe. Nikamweleza yule mtu na koti lake, na maneno yake.

Mama akakaa. "Alisema helufi?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Lakini hata wewe unasema helufi."

"Mimi nilijifunza kwake."

Akatueleza habari za kaka yake, mjomba wangu ambaye sikumkuta duniani. Alikuwa mwalimu. Babu alitaka mama achunge ng'ombe, na macho yake yalikuwa dhaifu tangu utoto, kwa hiyo hakuna aliyehangaika naye. Kaka yake akawa anamwandikia kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, herufi kubwa, jioni ng'ombe wakisharudi. Alikuwa anamwita "msichana wangu". Siku moja alikuja mjini kununua chaki. Wakati wa kurudi akakosa kivuko, akapanda mtumbwi. Haukufika.

Nikachukua kitabu cha nyimbo, nikamshikisha mama, nikamwambia asome. Alikishika muda mrefu. Kilikuwa juu chini.

"Haya mambo yote makubwa kwenye kioo," akasema, "mimi nilidhani ni wewe unanikuzia. Kila siku nilikuwa nakuombea."

Niache kidogo hapo.

Nikamwuliza kwa nini hakusema haoni. Akanong'ona kwamba hii ni nyumba ya mkwe. Mtu anakuja kwa mkwe kwa heshima yake, haji kuongozwa mkono. Mume wangu alikuwa amesimama dirishani amegeukia nje, maana mama mkwe humtazami usoni. Akasema akitazama huko huko nje, "Mwambie mama kesho asubuhi tunakwenda hospitali." Sauti ya kisomi haikuwepo.

Ulikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema la kushoto lingeachwa zaidi lingeharibika kabisa. Alifanyiwa upasuaji, akapona. Sasa anaona, na tabu tunayo: anaona vumbi chini ya kabati, anaona mboga haikuoshwa vizuri, anaona Kulwa anadanganya. Anasoma herufi ndogo kuliko mimi. Nikarudisha kioo kilivyokuwa, na kikakaa hivyo miezi na miezi bila mtu kukigusa. Nikasema yamekwisha.

Juzi nimerudi kazini nikakuta herufi kubwa.

"Si mimi," mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Mimi naona."

Nilishika kipanya nirudishe, nikajikuta nimekisogelea kioo mpaka pua inakaribia kukigusa. Nikakumbuka kwamba tangu muhula uliopita karatasi za wanafunzi nazisomea dirishani. Nikaachia kipanya.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayetafuta namna ya kufunga kioo cha kompyuta yenu kisibadilike. Kabla hujamwita fundi, pita kwanza kwa kila mtu ndani ya nyumba umuulize kama anaona, na wewe mwenyewe usijiruke. Mimi Ijumaa nakwenda kupimwa macho. Kioo nimekiacha hivyo hivyo, kikubwa, na lile swali lilipojitokeza lenyewe nilibonyeza ndiyo.