Nilimjibia Apendeki

Siku ile naikumbuka pamoja na wote waliokuwepo, na nitawataja kwanza, ili kila mmoja abebe sehemu yake na mimi nibaki na yangu. Alikuwepo Etabo, muuguzi wa kituo chetu cha afya hapa Baraka, ambaye sote tulimwita muganga. Alikuwepo baba mdogo Wilondja, ndugu wa marehemu baba yetu. Alikuwepo Koko Sifa, bibi jirani yetu, aliyekuja kupimwa presha na hakuona sababu ya kungojea nje. Alikuwepo mdogo wangu Apendeki, msichana wa miaka kumi na tisa, ameketi kwenye ukingo wa kiti, kikwembe alichojifunga kiunoni amekikaza tumboni kwa mikono miwili. Na nilikuwepo mimi, Mauwa, dada yake mkubwa, nimesimama mbele yake kama ukuta.

Mwanangu unayenisikiliza, kabla hujanihukumu, sikia maisha yalivyonifundisha. Baba na mama walifariki katika mwaka mmoja. Nilikuwa darasa la sita, na shule sikurudi tena. Niliuza ndagala kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, nikalima mihogo ya watu, nikawalea wadogo zangu watatu, Apendeki akiwa wa mwisho. Vita vilipotukimbiza, tulikuta vizuizi vya watu wenye silaha njiani. Niliwafundisha wadogo zangu sheria moja: mukiulizwa kitu, munyamaze, yaya, dada yenu mkubwa, atajibu. Niliulizwa tunatoka wapi, nikajibu. Niliulizwa hawa ni watoto wa nani, nikajibu. Tulipita kizuizi baada ya kizuizi, na hakuna aliyebaki njiani. Tangu siku hizo nikaamini kwamba kuwapenda ni kuwasemea.

Apendeki alianza kuumwa mara tu alipoanza kuona damu yake. Kila mwezi alilala siku tatu kwenye mkeka, anauma kikwembe ili majirani wasisikie. Tulimpa dawa ya minyoo, dawa ya malaria, dawa ya infeksio, yaani maambukizi, na majani ya kuchemsha. Watu wa maombi walimfungisha kula siku tatu, akazimia. Nikaambiwa ni mambo ya wanawake, akiolewa yatapungua, akizaa yatakwisha. Nami nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ndipo akaja mchumba kutoka Lubondja, kijana mpole, mkulima. Watu wa kwao walikuwa wamesikia kwamba msichana huugua, wakataka kujua anaugua nini kabla ya kuleta mbuzi wa mahari. Baba mdogo Wilondja akasema twende kwa muganga, naye aje asikie kwa masikio yake, awapelekee jibu. Ndiyo maana alikuwa mle ndani.

Etabo alikuwa mtu mwema. Aliweka kalamu tayari, akamtazama mdogo wangu.

“Apendeki, maumivu iko inaanza lini?”

“Siku ya damu,” nikasema mimi. “Sawa vile banamuke bote.”

“Siku zile ukienda kwa choo, iko inauma?”

Nilijua. Mara nyingi nilimsikia akilia chooni, na mara mbili aliniambia ameona damu ikitoka mahali ambapo haipaswi kutoka. Lakini baba mdogo alikuwa pale, na mimi niliyaona maneno hayo yakifika Lubondja kabla ya jua kuzama: msichana ameharibika, msichana ametembea na wanaume.

“Hapana, muganga. Haumwi kule.”

“Na mugongo?”

“Kidogo tu, akilima sana.”

Koko Sifa akacheka. Meno alikuwa nayo matatu, na hakuwahi kuyafichia mtu. “We Mauwa! Kumbe ndo weye mugonjwa? Panda basi kwa kitanda, muganga akupime!”

Tulicheka. Hata Etabo alicheka. Lakini Koko hakuishia pale. Alininyooshea kidole.

“Mutoto iko na kinywa, Mauwa. Muache aseme.”

“Koko, ngojea presha yako,” nikamjibu, na watu wakacheka tena.

Apendeki hakucheka. Aliniinulia macho, na mimi niliyemlea niliyasoma: alikuwa akiomba ruhusa. Nikatikisa kichwa, kidogo tu, asione mtu mwingine. Akainama. Msichana mzima, mchumba wa mtu, bado alikuwa akitii sheria ya vizuizini.

Etabo akaandika infeksio, kama mara zote, akatupa vidonge vya siku kumi. Baba mdogo akaenda Lubondja kusema msichana ni mzima.

Yaliyofuata sitakuficha. Aliolewa. Maumivu yalikwenda naye, na huko yakaongezeka mengine, ya kitandani, ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia. Angemwambia nani? Mimi? Mtoto hakuja. Mwaka wa sita mume wake alimrudisha, amembebea valisi ya nguo zake begani mwenyewe.

“Yaya Mauwa, mimi sina neno baya naye,” akaniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. “Lakini kwetu banasema mulitudanganya. Mulisema iko muzima.”

Mulisema. Kumbe nilisema peke yangu.

Wakati huo Koko Sifa alikuwa ameshazikwa. Sikupata kumwambia kwamba alinikemea kwa haki.

Mwaka juzi akapita hapa daktari mwanamke, kwa majuma machache. Nikampeleka Apendeki. Daktari aliuliza swali lake la kwanza, na mwanangu, ungeniona, kinywa changu kikafunguka chenyewe: “Siku ya damu...”

Akanishika mkono polepole. “Mama, nimeuliza yeye. Ngojea inje.”

Nikakaa kwenye benchi. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Maneno sikuyapata, ila sauti niliisikia, sauti ya mdogo wangu ikisema, ikisema, bila kukatika. Jua lilitoka miguuni pangu likapanda ukutani, na bado anasema. Katika miaka yote niliyomlea sikuwahi kumsikia akiongea muda mrefu namna ile. Nililia pale pale, kapu la ndagala mapajani, na wagonjwa wengine wakadhani nimefiwa.

Kisha wakaniita. Daktari alisema yawezekana ni ugonjwa uitwao endometriozi: nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, kila mwezi inavimba, na mwisho inagandisha viungo vya tumboni pamoja. Si sumu, si laana, si uasherati, na ndoa haiutibu. Ekografi, ile picha ya tumbo aliyompiga, ilionyesha uvimbe upande mmoja. Ila kuwa na hakika kamili ni mpaka waingize kamera ndogo tumboni, na kazi hiyo hapa kwetu haifanyiki, labda Bukavu. Kuhusu mtoto hakuahidi kitu. Nikamwuliza kama tulichelewa.

“Pengine maumivu ingepunguka mapema. Siwezi kujua,” akasema. “Miaka yote hii, hakuna mutu alimuuliza?”

Aliulizwa, mwanangu. Aliulizwa vizuri kabisa.

Daktari alimwachia dawa. Zikipatikana kwenye famasi, Apendeki anapata mwezi wa afadhali. Zikikosekana, anarudi kwenye mkeka. Daktari ameondoka. Mara mbili tumefunga valisi ya safari ya Bukavu, na mara mbili mapigano yamefunga barabara. Mpaka leo hatuna hakika. Tuna neno moja refu kwenye karatasi, na mbele yake imeandikwa kwamba inadhaniwa tu. Nilimpigia magoti mdogo wangu tukianika ndagala. Hakunigombeza. “Yaya,” akasema, “ulitaka kunipitisha kwenye kizuizi tu.” Afadhali angenipiga.

Basi wewe unayejikunja kila mwezi, maumivu yanayokulaza chini si desturi ya wanawake. Yataje. Weka alama kila siku yanapokuja, sema panapouma, sema na yale ya chooni na ya kitandani ambayo nyumbani hayatajwi. Ukiona kuna masikio mle ndani yanayokufunga mdomo, mwambie muganga ayatoe, hata yakiwa ya mtu aliyekulea. Wakiandika infeksio mara ya tatu na dawa haisaidii, rudi, useme upya. Nawe dada mkubwa, msindikize mdogo wako, mbebee mzigo, mshike akianguka, lakini swali lake mwachie.

Mungu akupe anayeuliza na akupe ulimi wa kujibu. Usiku wako uwe wa usingizi. Akupitishe yeye mwenyewe mahali ambapo sisi wakubwa tulishindwa kukupitisha.

Mimi bado nadaiwa. Nilimwahidi Apendeki kwamba nitamfikisha kwenye hiyo kamera, na kwamba safari hii nitabaki nje ya mlango bila kuambiwa. Valisi iko nyuma ya mlango wetu, imefungwa. Jana tumeambiwa njia bado haijafunguka.