Waliompigia Mjomba Makofi

Juzi nilirudi kwetu Butembo, ndugu yangu, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye ukumbi wa parokia. Haupo. Pale palipokuwa na jukwaa sasa ni depo ya magodoro, yamepangwa mpaka darini, na kijana anayeyauza akaniuliza nataka kubwa au dogo. Nikamwambia naangalia tu. Akanikunjia uso, nami nikabaki nimesimama pale nikinusa plastiki mpya, nikitafuta harufu ya karanga za kukaanga na ya mabenchi ya mikaratusi.

Utoto wangu una baridi. Wewe sijui ulilelewa wapi, lakini sisi tuliamka na ukungu mlangoni, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupuliza makaa hadi machozi yanitoke, ili koko ateleke maharage. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Wangu alikuwa na mkono mzito wa kusonga bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na ulimi mwepesi kuliko mkono. Mtoto akichelewa mtoni alimwuliza kama maji yalikuwa bado hayajazaliwa.

Mjomba wangu, kitinda mimba wake, alichukuliwa na wenye bunduki akiwa bado anavaa sare ya shule. Vita vilipita, vikarudi, wenye mji wakabadilika hata tukachoka kuwajua, na siku moja mjomba akaingia uani na buti zisizofanana. Koko alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda. Alikataa kulala ndani, akalala kibandani jikoni pamoja na mbuzi. Alikula huku mgongo umegusa ukuta. Jioni mabati ya paa yalipopoa na kulia ta! ta!, alijitupa chini, sahani na mboga vikaenda pamoja naye. Watoto wa jirani walipogundua, wakawa wanaangusha mifuniko ya sufuria nyuma ya ua makusudi, wapate kucheka.

Koko aliwafukuza na mwiko. "Mutu aliyeumwa na nyoka, akiona kamba anashituka!" aliwafokea. Mtaani alisema mwanawe ana malaria. Alichokiogopa ni neno moja tu, kichaa, maana kwetu neno hilo likishamshika mtu halimwachii. Hapewi mke, hapewi shamba, hata salamu anapewa kwa mbali.

Kisha vijana wa parokia wakatangaza, baada ya misa ya Jumapili, mchezo juu ya askari aliyerudi nyumbani. Koko akaona hiyo ndiyo dawa. Mjomba akikaa katikati ya watu, ametulia, amevaa shati safi, maneno yatakwisha. Alimbembeleza siku nyingi. Shati jeupe alilipiga pasi ya makaa yeye mwenyewe.

Hapa lazima nikueleze desturi ya kundi lile. Walipenda kuficha wachezaji katikati ya watazamaji. Unakaa, unatafuna karanga zako, ghafla mama aliye kando yako anainuka na kuanza kumtukana chifu wa jukwaani, kumbe naye yumo. Watu walikuja mapema ili wabahatishe nani kati yao si mtazamaji. Nusu ya utamu ilikuwa hapo.

Askari alichezwa na fundi baiskeli, mtu wa vituko, sufuria kichwani badala ya kofia ya chuma. Jogoo akiwika, anaruka. Akimwona mbuzi, anampigia saluti. Ukumbi ulivunjika mbavu. Akina mama walijifuta machozi kwa vitenge. Usiwahukumu. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyezikwa au asiyejulikana alipo, na watu walikuwa na njaa ya kicheko. Mimi nilikaa kati ya koko na mjomba. Mjomba hakucheka. Aliweka mikono magotini, akawa anaangalia sufuria ile.

Ndipo nyuma ya pazia mtu akapiga pipa tupu kwa chuma, kuigiza risasi.

Sikumwona mjomba akianguka. Nilijikuta chini ya benchi, mdomo kwenye vumbi, naye juu yangu amenifunika mwili mzima. Moyo wake ulikuwa unanigonga mgongoni. "Hapana lia," alininong'oneza. "Hapana tikisika. Mujomba yako iko hapa."

Na juu yetu, ndugu yangu, yakalipuka makofi. Miluzi, vigelegele, miguu sakafuni. "Bis! Bis!" walipaza, wakitaka arudie. Fundi baiskeli naye alivua sufuria, akamwinamia mjomba kama mchezaji anavyomwinamia mwenzake aliyemshinda. Huenda alidhani wenzake wamempangia mtu bila kumwambia. Kadiri makofi yalivyozidi, ndivyo mjomba alivyozidi kunikandamiza.

Tulipotoka nje, mama jirani, mama wa wale watoto wa mifuniko, alimshika koko mikono yote miwili. "Mama, kumbe mutoto yako iko acteur, muchezaji wa jukwaa! Na kule kujitupa-tupa kwa nyumba, kumbe alikuwa anajifunza? Lakini anajua kazi, kweli!"

Koko alimtazama mwanawe, aliyesimama kando na vumbi kwenye shati lile jeupe. Kisha akainua shingo. "Eeh," akasema. "Alikuwa anajifunza."

Jioni hiyo, tukimenya viazi, mjomba aliuliza jambo moja. "Mama, bale batu balikuwa banashangilia nini?" Koko, mwenye ulimi wake ule, aliinamia viazi, akaendelea kumenya.

Asubuhi kibanda kilikuwa na mbuzi tu. Wafanyabiashara wa kahawa walisema wamemwona mji wa Beni, katika soko la mtaa wa Beu, akibeba mizigo. Wengine wakasema hapana, ni Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, na hapo ndege ikinguruma analala chini. Koko alikwenda kumtafuta, akarudi, akaenda tena, mpaka barabara ikafungwa na vita. Mtaani hawakuacha kumwuliza acteur iko wapi. "Iko Beni," aliwajibu kwa maringo. "Anacheza kule." Kisha anaingia ndani, anapakua sahani ya mjomba, anaifunika, na asubuhi anawapa kuku. Alifanya hivyo hadi alipokufa.

Nilipotoka depo, bibi mmoja anayeuza karanga kando ya mlango akanishika kitenge. Ilinichukua muda kumtambua mama jirani. Amezeeka, meno yamebaki ya kuhesabu.

"Ni wewe mujukuu wa ule mama?" akauliza, uso ukamng'aa. "Siku ile tulicheka, mutoto wangu! Tangu ile siku sijacheka vile. Na acteur yenu, alirudiaka?"

Mgongo wangu bado unaujua moyo ule. Ningeweza kumwambia. Lakini ukumbi haupo, koko hayupo, na wa kumlindia mjomba jina lake nimebaki mimi peke yangu.

"Bado, mama," nikamwambia. "Iko Beni. Anacheza kule."