Chupa Mbili na Fedha za Nyongeza

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika majina ya wagonjwa kwenye vifuniko vya chupa. Chupa zilikuwa mbili, kila moja na kinyama kilichokatwa kwenye titi la mama tofauti. Nikazifungua zote ili niongeze fomalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze. Machozi yakanitoka, nikapangusa macho, na nilipotazama tena mezani nilikuwa na vifuniko viwili vyenye majina na chupa mbili zisizo na wenyewe.

Ilikuwa hospitali ya kambi ya wakimbizi, huku kwetu Ngara. Nilikuwa na kidato cha nne, na niliomba kazi ile kwa sababu ingeniruhusu kulala nyumbani Kanazi. Mganga Mtafiti, bosi wangu, hakufoka. Aliniuliza kama najua mahema ya wale mama. Nikasema sijui.

"Utayajua leo. Utawaambia mwenyewe kwamba watakatwa tena, na utawaambia kwa nini."

Wa kwanza alilia. Wa pili, Veronika, aliyekimbia Burundi na watoto watatu, nilimwamkia shikamoo ingawa tulikuwa rika moja, woga tu. Alinisikiliza, akanipa ndoo nikamchotee maji, na niliporudi nayo ndipo akakubali.

Tangu siku hiyo jina nililiandika ubavuni mwa chupa, na tena kwa penseli kwenye kikaratasi kinachotumbukizwa ndani. Wino huyeyuka, penseli hudumu. Vijana wa maabara, shikeni hilo hata kama mengine yote mtasahau.

Shida iliyofuata haikuwa yangu, nashukuru. Sisi tulikuwa na vinyama, lakini mashine ya kuvikata vyembamba hadi mwanga upenye, ili visomwe kwenye hadubini, ilikuwa katika hospitali moja upande wa Biharamulo. Huko Daktari Mkuu wa Maabara alikuwa na utafiti wake wa saratani, mfadhili wake na daftari lake. Wakubwa hawa walisalimiana kwa barua tu, kila mmoja akiogopa mwenzake atamwibia matokeo. Chupa ya Veronika ikakaa rafuni. Kila Ijumaa alikuja kuuliza, na kila Ijumaa mimi ndiye niliyetumwa kumjibu.

Kisha ikaja barua. Wafadhili wa pande zote mbili wangetoa fedha za nyongeza, juu ya ruzuku waliyokwisha kutoa, iwapo tafiti hizo zingekuwa na daftari moja la wagonjwa na ombi likatiwa sahihi na wakubwa wote wawili. Bosi alitia yake, kisha akanitazama mimi, mtu asiyewahi kulala nje ya Kanazi.

"Wewe huna utafiti wa kuibiwa," alisema. "Nenda."

Nilipanda lori hadi Lusahunga, nikapanda jingine, sanduku la chupa nimelipakata kama mtoto mchanga. Dereva alitaka liwekwe nyuma na mikungu ya ndizi. Nikamwambia humo mna watu. Akasogea.

Daktari Mkuu alisoma ombi, akanung'unika kwamba jina lake limewekwa chini. Nikamwambia hayo ya juu na chini siyajui, ila nimekuja na chupa ya mama anayeuliza kila Ijumaa. Akatia sahihi, akamwita fundi wa mashine.

"Anza na huyo wa Ijumaa."

Ilikuwa saratani, bado changa. Fedha za nyongeza zilipofika, zilimpeleka Veronika kupasuliwa, na wakubwa wangu wawili wakangoja pamoja kwenye benchi moja mlangoni, kwa mara ya kwanza bila barua. Katika kazi yangu yote sijaona kitu kilichonifurahisha kama ile benchi yao.

Nilistaafu nikiwa nimezoea malori, ingawa mke wangu hasadiki. Veronika alipata uraia, akajenga jirani yetu. Majuzi nilimsomea kumbukumbu hizi, ambazo wakati huo zilianza na wafadhili. Alikuwa anapukuchua maharage, hakuinua macho.

"Umesifu fedha, umesifu wakubwa wako. Aliyekatwa mara mbili ni mimi, kwa ujinga wako. Anza na hapo."