L ya Ntinyari

Mwanakombo binti Mbarak alikuwa na sauti ya kuitia wateja. Alianza kuitumia akiwa na miaka saba, amesimama juu ya sanduku mbele ya bucha ya baba yake Majengo, Meru mjini. Alipofika miaka kumi na sita sauti ile ilikuwa ikivuka soko zima, ikipita juu ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharagwe meusi ya njahi, ikaingia hadi kwenye ofisi za serikali zilizokuwa ng'ambo ya barabara. Makarani walilalamika. Mbarak aliwajibu kwamba yeye hulipia leseni ya nyama, sauti huja bure.

Mwaka huo ulikuwa 1957, na hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa na zaidi ya miaka minne. Wakulima wa pande za Imenti walikuwa wameondolewa mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa ncha. Mmeru hakutoka kijijini bila pasi. Watu wa Majengo, Waislamu waliotoka kila upande na kuoana hapo mjini, hawakubebeshwa pasi ile, kwa hiyo waliishi kama walio nyuma ya dirisha: waliwaona majirani zao siku za soko, wakawauzia nyama, wakawatazama wakikimbilia kurudi kabla ya saa ya kafyu. Mwanakombo alijua Kimeru cha bucha tu, cha mfupa na mnofu na njoo kesho. Rafiki Mmeru hakuwa naye hata mmoja. Hakuwahi kuona kwamba amepungukiwa.

Ndipo Mwalimu Salesio alipokuja kununua matumbo.

Salesio alifundisha shule ya Kanyakine. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti moja, na siku hiyo alisahau alichokuja kununua, akabaki amesimama akimsikiliza binti aliye juu ya sanduku.

"Mzee Mbarak, huyu Kiswahili chake amekitoa wapi?"

"Kwa bibi yake. Kila neno lililopinda lilikuwa na kofi lake."

Mwalimu akaeleza shida yake. Vijana wake walikuwa na mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, uitwao Ghala: tajiri anafungia nafaka wakati wa njaa, na msichana mmoja anaimba mlangoni pake mpaka anafungua. Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, alikuwa amekataa nyimbo za Kimeru, kwa kuogopa yaliyoweza kufichwa ndani yake. Aliruhusu Kiswahili, maana Kiswahili alikisoma kwenye kitabu. Mazoezi yangekuwa kila Jumamosi katika ukumbi ulio nyuma ya soko, vijana waletwe na lori la misheni, kila mmoja na pasi ya siku hiyo tu.

"Nataka awanyooshe ndimi," akasema Salesio.

"Binti yangu hapandi jukwaani."

"Atakaa nyuma ya pazia, mzee. Hataonekana."

"Sauti hii," akasema Mbarak akifuta kisu, "haijawahi kukaa nyuma ya kitu. Lakini mchukue."

Jumamosi ya kwanza Mwanakombo aliingia ukumbini kama anayeingia darasani kusahihisha. Vijana kumi na wawili walikuwa wamesimama mstari. Mbele yao alikuwa msichana mrefu, gauni lake la kaniki limefupishwa na kukua kwake. Huyo ndiye mwimbaji wa mlangoni. Jina lake Ntinyari. Baba yake alikuwa kizuizini mwaka wa tatu sasa, na mama yake alikuwa akichimba handaki kwa zamu kama wanawake wote wa kijiji. Ntinyari alifumba macho, akaimba:

"Fungua ghara, baba, fungua, kura ni haki ya kira mtu!"

Mwanakombo akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kizuri, na yeye mwenyewe alikiri hivyo maisha yake yote.

"Kura? Tajiri ana kura ghalani? Sema kula. Ku-la."

"Ku-ra."

"La!"

"Ra!"

"Wewe," Ntinyari akasema akiweka mikono kiunoni, "mtoto wa nyama, unaringa kwa sababu ya herufi moja? Chakura kwetu ni irio. Umeona l yoyote hapo? Hatukupewa. Rabda mrimariza nyinyi."

Vijana wakacheka, na safari hii aliyechekwa alikuwa Mwanakombo. Kijana aliyeigiza tajiri, Koome, akaongeza, "Muuzie nusu kiro ya l, Mwanakombo. Bila mfupa."

Mwanakombo alirudi nyumbani na hasira ambayo kufikia usiku ilikuwa imegeuka kitu kingine. Hakuna aliyewahi kumjibu namna ile. Jumamosi iliyofuata alikuja na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba, akakiweka mezani, akafungua. Ulikuwa ulimi wa ng'ombe, mzima.

"Tazameni," akasema, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika samaki. "Hapa ni meno ya juu. Ulimi ukilala hapa nyuma yake, ukatulia, ni l. Ukirukaruka, ni r. Ng'ombe wenu nyote wanarukaruka."

Hawakujifunza chochote siku hiyo kwa kucheka. Lakini Ntinyari alisema ni dhambi kuirudisha nyama nzuri kama ile, wakawasha moto nyuma ya ukumbi, wakauchemsha ulimi kwenye debe, wakala kwa chumvi, wote kwa mikono, na Koome akajipapasa tumbo akatangaza, "Reo tumekura l yenyewe." Mwanakombo alikaa kwenye jiwe kando ya Ntinyari. Ntinyari alimpa kipande cha ncha, kilicho laini kuliko vyote.

Tangu hapo wiki ya Mwanakombo ilikuwa na siku moja, Jumamosi. Alijifunza kwamba Ntinyari hucheka kwa kuziba pua. Kwamba alikuwa na barua tatu za baba yake ndani ya Biblia, na mistari mingi imepakwa wino mweusi na wakaguzi wa serikali, naye alijua kwa moyo hata urefu wa mistari iliyopakwa. Ntinyari naye akajifunza kufunga ushungi na kuita wateja kutoka juu ya sanduku, ingawa aliita "nyama ya mbuzi safi ya reo" na wateja wakaja vilevile.

Jumamosi ya sita aliingia Karani Misheck.

Misheck alikuwa mkalimani wa Bwana Shauri, Mmeru wa Nkubu, mwenye viatu vinavyong'aa na woga wa kudumu wa kuonekana ametoka kijijini. Woga huo ulimfanya azikimbie r zote. Hakuacha hata moja isimame.

"Habali zenu," akasema. "Endeleeni. Nimekuja kusikiliza tu."

Wakaendelea. Ntinyari akafika mlangoni pa tajiri na kuimba. Misheck akaacha kutabasamu, akatoa kalamu.

Inafaa kukumbuka ulikuwa mwaka gani. Machi hiyo Waafrika walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza, wachache, na huku kwetu hakupiga ila mwenye cheti cha utiifu. Mama yake Ntinyari hakuwa nacho. Karibu kijiji kizima hakikuwa nacho. Na hapa palikuwa na binti wa mfungwa wa kizuizini, mbele ya watu, akiimba kwamba kura ni haki ya kila mtu.

"Ni kula, Bwana Karani," Salesio akasema haraka. "Chakula. Soma karatasi."

"Kalatasi naijua, niliipiga muhuli mwenyewe. Mimi nasema nilichosikia."

"Basi tubadilishe. Tuseme kushiba ni haki."

"Neno likibadilika, kalatasi inaanza upya. Miezi miwili, labda mitatu." Aliwaangalia vijana mmoja mmoja, akaishia kwa Mwanakombo. "Huyu wa Majengo anasema vizuli. Aimbe yeye. Au huyo ajifunze. Siku ya mchezo, nikisikia neno hilo vibaya kutoka jukwaani, mala moja tu, pasi zote zinaludi ofisini."

Bila mchezo hakuna pasi, na bila pasi hakuna Ntinyari. Mwanakombo alilielewa hilo kabla mlango haujafungwa nyuma ya karani. Alielewa na jambo jingine pia, lililomwia gumu zaidi: kwamba wimbo ule aliujua wote, kwamba alikuwa akiuimba jikoni kwao mlango umefungwa, na kwamba aliuimba vizuri.

Salesio alimtazama. "Ungeweza?"

"Naweza," akasema. "Na mwimbaji asiye na wimbo atapewa pasi ya kuja kufanya nini?"

Mwalimu akaikunja karatasi ya nyimbo.

"Nipe wiki mbili. Huyu nitamfundisha mimi."

"Na asipoweza?" Koome akauliza.

"Ataweza. Mimi nikiita mteja huwa anakuja."

Walifanya kazi kama watu wanaolima. Mwanakombo alimpa utambi wa mshumaa aushike kati ya ulimi na meno. Alimfanya aseme lala, lulu, leo, mlima, mlango, hadi mate yakamwishia. Ntinyari alilia mara moja, kwa hasira si kwa huzuni, akasema ulimi wake ulizaliwa Kanyakine na hautaki kuhama. "Usiuhamishe," Mwanakombo akamwambia. "Utembeze tu mara moja, kisha uurudishe nyumbani." Jumamosi ya mwisho ilitoka. Ilikuwa l nyembamba, yenye kutetema pembeni, lakini ilikuwa l. Wakaangaliana kama walioona moto umeshika kuni mbichi.

Mchezo ulifanyika Kanyakine, kwenye uwanja wa shule, saa nane mchana ili watu warudi ndani ya handaki mapema. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa, pazia lilikuwa blanketi mbili. Kijiji kizima kilikaa kwenye nyasi, na homugadi, walinzi Wameru waliowekwa na serikali, walisimama kando na bunduki zao. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti pekee, Misheck nyuma yake. Mwanakombo alikuwa nyuma ya blanketi kama alivyoahidiwa baba yake, na kupitia tundu moja alimwona mama yake Ntinyari katika safu ya mbele, mikono yake imepasuka kwa udongo, ameiweka juu ya magoti kama vitu alivyoazimwa.

Ntinyari akasimama mlangoni pa ghala. Hakufumba macho.

"Fungua ghala, baba, fungua," akaimba, "kula ni haki ya kila mtu!"

L zote tatu zilikuwa safi kama maji ya mto Thingithu. Nyuma ya blanketi Mwanakombo aliuma ushungi wake. Misheck alishusha kalamu.

Lakini wimbo ule ulikuwa wa kuitikiwa. Hilo hakuna aliyelifikiria, kwa sababu ukumbini hapakuwa na wa kuitikia. Mama yake Ntinyari ndiye aliyeanza, bila kusimama, kwa sauti ya mtu anayejibu salamu: "Kura ni haki ya kira mtu." Wanawake wa safu yake wakaingia. Kisha wazee. Kisha uwanja mzima, watu mia tano wasio na l hata moja kati yao, na homugadi nao, maana walikuwa Wameru na wimbo ulikuwa mtamu.

Ntinyari alisita. Alitazama blanketi.

Mwanakombo alikumbuka maneno ya karani, kila moja kwa mahali pake: *kutoka jukwaani*. Alishuka kwa nyuma, akazunguka mapipa, akaja akaketi kwenye nyasi kando ya mama yake Ntinyari. Nyasi si jukwaa. Akajaza kifua, akaitoa ile sauti inayovuka soko, na yeye, mjukuu wa bibi mwenye makofi, akaimba:

"Kura ni haki ya kira mtu!"

Ntinyari akaziba pua. Halafu akaendelea, l zake juu, r za uwanja mzima chini, zikipokezana hadi Koome alipofungua mlango kabla ya wakati wake kwa sababu hangeweza tena kuvumilia.

Bwana Shauri aligeuka. "Misheck, watu wanasema nini?"

Karani alikuwa amesimama, jasho linamtoka. Angesema ni siasa, angelazimika kuwakamata watu mia tano, na homugadi, na labda mama yake mwenyewe aliyekuwa amekaa safu ya tisa.

"Wanasema kura, bwana... kula... yaani," akasema, na r zote alizozikimbia miaka kumi zikamrudia kwa pamoja, "chakura, bwana! Chakura tu!"

"Aa. Chakula. Vizuri sana," akasema Bwana Shauri, na jioni hiyo akatia sahihi pasi za miezi mitatu zaidi, mchezo upelekwe Embu na Kibugu.

Mwanakombo aliishi Majengo hadi uzee wake, akaendesha bucha baada ya baba yake. Hakupanda jukwaani tena, wala hakulijutia hilo. Wakati wa chakula aliwaita wajukuu, "Njooni mkure," na wageni walidhani ni lafudhi ya mji.

Mei 1963 walisimama foleni moja, yeye na Ntinyari, kila mmoja na mtoto mgongoni. Jua lilikuwa kali na mstari haukusonga. Ntinyari akamgeukia, uso mzito kabisa, akauweka ulimi wake nyuma ya meno ya juu na kuutuliza hapo.

"Mwanakombo," akasema, "leo ndiyo tunapiga *kula*."

Wakacheka mpaka karani wa uchaguzi akawanyamazisha.