Mtoto wa Tabu, Mtoto wa Dereva

Sista Anastazia alikuwa na tabia moja iliyotuaibisha sana sisi wauguzi wenzake: alikuwa anakagua watu. Mko msibani, wengine wanalia, yeye anakunong'oneza, "Elieth, mwone yule mjomba. Masikio yake na ya marehemu ni yale yale." Akiingia dukani atamuuliza muuzaji hicho kidevu amekitoa kwa baba au kwa mama. Lakini mtamfanyaje mtu aliyekulia Mpwapwa katikati ya mbuzi wa baba yake, akitabiri kila mbuzi mwenye mimba atazaa wa rangi gani, na akikosea anasusa hata kula? Tulimzoea hivyo hivyo.

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa redio kaseti na mitumba, alipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea stashahada ya juu ya uuguzi. Waliomtangulia masomoni walirudi na vitenge. Yeye alirudi na picha ya kromosomu, nakala iliyofifia, akaibandika ukutani kliniki, juu ya mizani ya watoto.

"Hizi ni nyuzi zilizomo ndani ya mwili wako, kila mahali," alitueleza. "Zinakwenda mbili mbili, moja ya baba, moja ya mama. Sasa tazama hapa, jozi ya ishirini na moja. Ziko tatu!" Alilisema kwa sauti ya mtu anayekumegea umbea mtamu. Wengi tulirudi kwenye kazi zetu. Aliyebaki mbele ya ile picha ni dereva wetu, Fabian wa Msalato. Kitindamimba wake, Gaudence, alizaliwa na nyuzi hizo tatu, na sista alikwisha kumwona.

"Kwa hiyo si pombe yangu?" Fabian aliuliza.

"Si pombe yako."

Fabian alitoka nje akakaa garini peke yake muda mrefu. Kumbe miaka yote ile alikuwa akijihukumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Kila mwezi tulikwenda Mtera, kule bwawani, kwa kliniki ya mkoba, yaani tunapakia mizani na chanjo kwenye gari na kuwafuata akina mama huko huko waliko. Safari moja akaja Tabu, binti wa Kondoa aliyeolewa na mvuvi wa pale, Hashimu. Alikuwa amembeba mwanawe wa kwanza, Ikram, mtoto laini ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza ingawa umri ulitaka iwe imekaza. Sista Anastazia alimpokea, akamfungua kiganja, akakuta mstari mmoja umekata kutoka upande huu hadi huu. Akatazama miguu, akaona nafasi pana kati ya dole gumba na jirani yake. Akatazama macho, yamepanda juu kwa pembeni.

"Elieth, njoo uone!" aliita, uso umemchangamka.

Nilimfinya. Mama wa mtoto alikuwa analia.

Ndipo Tabu alipotueleza. Kabla hajashika mimba alikuwa akiwapikia mafundi wa Kichina waliokuja kuchimba visima. Mtoto alipozaliwa na macho yale, Hashimu alisimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akawatangazia wavuvi wenzake kwamba mkewe amemzalia mtoto wa Mchina. Sasa talaka ilikuwa imeshatajwa. "Mkija mwezi ujao huenda msinikute," Tabu alisema. "Atanirudisha Kondoa, na mtoto huyu nitamweleza baba yangu nini?"

Uchangamfu wa sista ulikwisha pale pale. Aliona haya, nami nilifurahi kwamba ameona.

Hashimu aliitwa, akaja, akaamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama." Sista alimchorea zile nyuzi zake, tatu badala ya mbili, kwenye kipande cha boksi, akaeleza mpaka jasho likamtoka.

"Mama, mimi hapa naona viwavi," Hashimu alisema. "Macho ya mtoto ndiyo ninayoyajua. Kipimo cha damu hakuna?"

"Kipo, lakini hapa nchini sijui pa kukipata. Nipe mpaka kliniki ijayo. Usimwache kabla sijarudi."

Hashimu alilitazama lile boksi, akakubali shingo upande.

Tukiwa njiani kurudi, sista akamwambia Fabian alichokuwa anakifikiria: kumleta Gaudence Mtera, Hashimu amwone. Fabian alipiga breki, vichupa vya dawa vikagongana.

"Sista, mwanangu si picha ya kubandika ukutani."

Akatia gia, akaendesha mpaka Dodoma mjini. Siku kadhaa zikapita, kisha Fabian akaja kliniki na kofia mkononi. "Nimezungumza na mama Gaudence. Anasema huyo mwanamke wa Mtera asiachwe aumie. Tutakwenda. Ila nitasema mimi mwenyewe, wewe utanyamaza."

Sijui kama Sista Anastazia aliwahi kupewa kazi ngumu kuliko hiyo, lakini aliahidi.

Mwezi uliofuata tulimkuta Tabu bado yupo, amekonda. Gaudence aliteremka garini akiwa amevaa fulana ya mitumba iliyomfika magotini, akawapita akina mama wote kwenye foleni, akaenda kuchuchumaa mbele ya Ikram. Mtoto akacheka. Gaudence naye akacheka. Ukiwaona wamekaribiana vile, uso kwa uso, ungeapa wamenyonya ziwa moja. Mama mmoja kwenye foleni aliuliza, "Hawa ni ndugu?"

Hashimu alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Huyu nimemzaa mimi," Fabian alimwambia. "Mke wangu ni Mgogo wa Msalato, kazi yake kulima zabibu. Mchina hajapata kumwona hata barabarani. Gaudence, hebu mwonyeshe baba mkono wako."

Gaudence aliufungua mkono wake, akaulaza kando ya mkono wa Ikram. Hashimu akapiga magoti mchangani kuitazama ile mistari. Aliupitisha kidole juu ya mmoja, kisha juu ya mwingine.

"Sasa nani kati yetu ameharibu?" hatimaye aliuliza.

Sista alimtazama Fabian kuomba ruhusa. Fabian akaitikia kwa kichwa.

"Hakuna. Zile nyuzi zinapogawanyika, kabla mimba haijatunga, mara nyingine mbili zinashikana zikaenda pamoja. Wewe hukufanya kitu, mkeo hakufanya kitu. Na usijione mjinga. Madaktari wa Ulaya zamani waliyaona macho haya wakawapa watoto hawa jina la watu wa Asia, tena vitabuni."

"Atapona?"

"Huu si ugonjwa wa kupona, baba. Atachelewa kukaa, atachelewa kusema. Lakini atakaa, na atasema."

Hashimu alijifuta uso kwa kiganja, akainuka. Nilimwona amepata nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. "Haya, mama Ikram. Yamekwisha. Twende nyumbani."

Tabu hakuinuka.

"Hayajakwisha," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema bila machozi. "Ulinitangaza mwaloni. Nenda kanitangaze tena mwaloni. Na mtoto umbebe wewe."

Hashimu alimpokea Ikram kwa mikono ya mtu asiyejua pa kushika, akaelekea majini, na sisi sote nyuma yake, mizani tumeiacha peke yake. Wavuvi walikuwa wanashona nyavu. Alisimama katikati yao, akakohoa.

"Nilimsingizia mke wangu. Mtoto huyu ni wangu."

Mmoja alicheka, wenzake wakamkemea. Hashimu akageuka kumkabidhi mkewe mtoto. Tabu alikunja mikono kifuani, akatangulia njia ya nyumbani, na Hashimu akamfuata nyuma, Ikram yuko begani mwake.