Usukani wa Mjomba Kombo

Juzi mwanangu alichomeka usukani wa gemu kwenye kompyuta, nao ukajizungusha wenyewe, krrr kushoto, krrr kulia, kama unavyofanya ukiwashwa. Yeye alicheka. Mimi, msinicheke, nilitoka nje.

Kwetu Wingwi, Bi Time alikuwa na kompyuta ya gemu ukumbini, kaletewa na mwanawe aliyekuwa Maskati. Kwenye mbio za magari ulichagua chombo chako: kibodi kwa anayejifunza, pedi ya vitufe kwa anayetaka kushinda, usukani kwa anayetaka kuchekwa, maana kona ya kwanza tu umo mtaroni. Mimi nilishika pedi, na zamu zangu nikizihesabu mara mbili, kwani Bi Time akizihesabu hupunja.

Usukani tulimwachia Mjomba Kombo. Alikuwa dereva wa gari ya abiria, hadi ilipompindukia kwenye mteremko. Utingo wake, Shaame, aliyekaa kiti cha kushoto, akafariki. Tajiri mwenye gari alikwisha kuitengeneza, akampa mjomba ufunguo: Ijumaa aseme, anarudi kazini au harudi. Nyumba nzima tulingoja.

Naye akawa anashinda kutwa kwa Bi Time, akiipindua gari ya gemu kona ile ile. Kioo kinakuwa cheusi, kisha gari inarudishwa barabarani ikiwa nzima, haina hata mkwaruzo. Anaitazama. Anaipindua tena.

"Mjomba, chukua pedi bwana, watutia aibu!"

"Gari haiendeshwi kwa vidole gumba."

Alhamisi alinivutia kiti kushotoni kwake. "Kaa."

"Sikai bure. Zamu yako ya pili iwe yangu."

"Yako. Kaa."

Tulipoikaribia kona akasema taratibu, "Shikilia, tunateremka." Nikashika ukingo wa meza huku nacheka. Akapunguza mwendo, magari yote yakatupita, kona tukaimaliza. Kisha akasimamisha gari kando ya njia, mbio zikiendelea.

"Umeshuka salama?"

"Mjomba, mi nimo kitini!"

Akapangusa viganja kwenye kikoi, akatoka. Ijumaa, baada ya sala, alimrudishia tajiri ufunguo. Nilimwona mwoga: kona keshaiweza, anaogopa nini tena?

Ilinibidi nikue, niendeshe gari na kubeba watu wa watu, ndipo nifahamu. Mjomba hakuwa akijifunza kurudi barabarani. Ilimbakia safari moja tu ya kumfikisha mtu, na siku ile, kwenye kiti cha Shaame, nilikaa mimi.